Usisaini kuuza shamba, dada

Dada wa Uyole, pole sana. Umesema shemeji anataka kuuza ekari mbili za viazi, maana kuyumba kwa dola na bei kupaa anaona ndiyo yule farasi mweusi wa Ufunuo 6, ishara ya njaa ya siku za mwisho, kwa hiyo kulima hakuna faida tena.

Mimi nimeokoka, na naamini Bwana anarudi. Lakini mbolea ilipopanda mwaka 2022 sababu yake ilionekana: Urusi, muuzaji mkubwa wa mbolea duniani, ilivamia Ukraine, na gesi inayotengenezewa yurea ikawa ghali. Msukosuko wa 2008 nao ulianzia kwenye mikopo ya nyumba Marekani. Yesu alishasema tutasikia habari za vita, "lakini ule mwisho bado".

Mwombe msome pamoja Yeremia 32, taratibu. Babeli imeuzingira Yerusalemu, nabii yuko kifungoni, tena anajua mji utaanguka. Hapohapo ananunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, anapima fedha kwenye mizani mbele ya mashahidi, na hati inawekwa kwenye chombo cha udongo ili idumu. Sura hiyo ndiyo iliyonituliza mimi.

Hofu yake usiidharau. Muulize kama kuna deni analolificha. Mchungaji aje nyumbani, msiyazungumzie ibadani. Na mbegu zako za viazi, kama macho yake yameshachipua kama ya mbegu zangu hapa Mbalizi, zipande mvua ikikolea, hata kama hamjamaliza kuzungumza.