Mahali Asipokanyaga Mtoto

Mmeuliza wiki hii: je, mambo ambayo mtoto hayaoni wala kushiriki yanaweza kugusa makuzi yake? Yanaweza, tena sana. Nina binti wa miaka saba.

Kazini kwetu alikuja msimamizi mpya. Ratiba ya zamu, ambayo zamani tuliipata wiki mbili kabla, ikawa inatumwa usiku wa kuamkia zamu yenyewe. Binti yangu hajawahi kukanyaga pale, wala huyo msimamizi hamjui kwa sura wala kwa jina. Lakini haikupita miezi miwili akawa amejifunza kunisoma. Nikiweka mkoba mezani taratibu, anakuja na daftari lake tusome. Nikiutupa, analifunga na kwenda chumbani bila neno. Kisha mwalimu akaniandikia kwamba siku hizi hanyooshi mkono darasani. Nilisoma ule ujumbe nikalia.

Urie Bronfenbrenner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliyaeleza haya mwaka 1979. Aliyaita eksosistemu: mazingira ambayo mtoto hayumo, ila yanayotokea humo humfikia kupitia watu wanaomlea. Kazi ya mzazi ni mfano mmoja. Zipo pia shule ya kaka yake, marafiki wa wazazi, na vikao vinavyoamua mambo ya mtaa.

Kabla yake, mwaka 1974, mwanasosholojia Mmarekani Glen Elder alikuwa ametoa utafiti juu ya watoto wa Oakland, California, waliokulia katika Mdororo Mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930. Kilichonigusa ni njia ambayo shida ilipita. Upungufu wa fedha pekee hauelezi yote. Tafiti zake za baadaye na wenzake zilionyesha kwamba baba aliyepoteza kipato mara nyingi aligeuka mkali na asiyetabirika, na ukali huo ndio uliomwangukia mtoto. Njia hiyo naijua, inapita kwenye mkoba wangu.

Ndiyo maana huniuma nikisikia wazazi wakihimizwa tu kuwa na subira, kana kwamba subira haichoki. Anayepanga zamu naye analea, ajue asijue. Ratiba yangu haijabadilika hadi leo. Ninachofanya ni kusimama nje ya mlango dakika tano, nishushe pumzi, ndipo niingie. Binti yangu ameanza kurudi na daftari. Lakini hizo dakika tano ni zake pia, na naamini kabisa kwamba mwajiri ndiye aliyepaswa kuzilipa.