Maswali ya Wasomaji: Freddie Mercury na Asili Yake ya Unguja

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Kijana wangu anazipenda sana nyimbo za kundi la Queen, na nilipomwambia kuwa mwimbaji wake, marehemu Freddie Mercury, ni mzaliwa wa Unguja, alinibishia. Naomba utufahamishe asili ya ukoo wake na dini yake, kwani wapo wasemao kuwa kwao waliabudu moto. Je, alikuwa na mapenzi ya jambo jingine mbali na muziki?
Msomaji, Tanga

JIBU: Mwambie kijana wako kwamba hukukosea. Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake, Bomi, alikuwa mtunza fedha katika utumishi wa serikali ya Waingereza visiwani, na mama yake aliitwa Jer. Wote wawili walikuwa Waparsi wa Gujarat, magharibi mwa India, na jina la ukoo limetokana na mji wa Bulsar, ambao siku hizi huitwa Valsad. Waparsi nao asili yao ni Uajemi. Wahenga wao walihamia India baada ya Waarabu kuiteka nchi yao katika karne ya 7, ili waendelee kuishika dini ya Zoroasta.

Kuhusu moto, ni vyema tuwatendee haki. Waumini hao humwabudu Mungu, wamwitaye Ahura Mazda, na moto unaotunzwa katika mahekalu yao ni alama ya nuru yake. Mtoto wa Kiparsi huingizwa katika dini kwa ibada iitwayo navjote, ambapo huvishwa fulana nyeupe ya pamba na kufungwa kiunoni mshipi uliofumwa kwa nyuzi 72 za sufu. Farrokh aliipitia ibada hiyo utotoni, na alipofariki London tarehe 24 Novemba 1991, mazishi yake yaliongozwa na makasisi wa dini hiyohiyo ya wazazi wake.

Ama mapenzi yake, yalikuwa mengi. Katika shule ya bweni ya Panchgani, India, alijifunza piano, akacheza ndondi na mpira wa meza. Familia ilipohamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, alisomea sanaa, na nembo ya Queen aliibuni mwenyewe. Alifuga paka, akakusanya kimono na picha za Kijapani.

Lakini kinachonigusa zaidi ni albamu ya stempu aliyoitengeneza utotoni, kwa kuwa mapenzi hayo aliyarithi kwa baba yake, aliyekuwa mkusanyaji vilevile. Ndani yake mna stempu za Zanzibar na za nchi nyingine zilizotawaliwa na Uingereza, nazo hazikubandikwa ovyo, bali zimepangwa kwa ulinganifu, upande mmoja wa ukurasa ukiitikiana na wa pili, hata jicho la msanii huonekana miaka mingi kabla hajaingia chuoni. Mwaka 1993 Mzee Bomi aliipeleka mnadani, ikanunuliwa kwa ajili ya makumbusho ya posta jijini London, na fedha zake zikaingia katika mfuko wa Mercury Phoenix Trust, unaopambana na UKIMWI, maradhi yaliyomchukua mwanawe.