Hiyo ramani usiiweke

Mkuu, hiyo ramani usiiweke. Mengine uliyouliza hapa jukwaani, jina la tovuti, rangi, uandike Kiswahili kitupu au uchanganye, yanaweza kusubiri. Umesema unataka ukurasa wako binafsi ubebe michoro ya miambani ya Kondoa, miti na wanyama wa huku kwetu Dodoma, na kampeni ya kupinga ukeketaji pamoja na nyumba salama wanakohifadhiwa mabinti waliokimbia kukeketwa, na kila picha iwe na pini ya ramani ili msomaji abonyeze afikishwe hadi mlangoni. Hapo kwenye pini ndipo nimeshindwa kupita kimya. Wanaolalamika kila siku kwamba naandika marefu mnivumilie, hili halifupishiki.

Nilikuwa na ukurasa wa namna hiyo hiyo. Nilihudhuria semina hapa mjini, mwezeshaji akatufundisha kwamba picha isiyo na lokesheni ni pambo tu; weka pini, wageni watakuja, kijiji kitapata hela. Nikapakia picha za pango moja lisilo na kibao wala mlinzi, huko milimani Kondoa, ambako wazee walinipeleka kwa kuniamini. Mchoro wenyewe mzuri ajabu: watu wembamba, warefu, wa rangi nyekundu, vichwani wamevaa kitu kipana, na pembeni mnyama ambaye miguu yake ya nyuma imeshafifia. Nikaweka na pini.

Niliporudi msimu uliofuata, chini ya mchoro kulikuwa na shimo linalonifika kifuani. Udongo wa majivu umetupwa nje, vipande vya mawe yaliyochongwa zamani vimekanyagwa kanyagwa. Ukutani mtu alikuwa amemwaga maji ili rangi ikolee kwenye picha yake, michirizi imeshuka hadi chini, na mwingine kaandika jina lake kwa mkaa juu ya kichwa cha mmoja wa wale watu. Mzee mmoja akaniuliza, "Mjukuu wangu, uliwaambia akina nani?"

Mgeni atashangaa mtu achimbe nini pale. Sisi tunajua: kuna imani ya siku nyingi kwamba Wajerumani walifukia mali wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na kwamba michoro ndiyo alama zao. Michoro ilikuwepo zamani sana kabla Mjerumani hajatia mguu, lakini mwenye sururu hasikilizi hilo. Na anachoharibu ni zaidi ya udongo. Kule Kisese, kwenye milima hiyo hiyo ya Kondoa, mwanaakiolojia Ray Inskeep alichimba kitaalamu mwaka 1956, na shanga za maganda ya mayai ya mbuni zilizotoka pale zimekuja kupimwa umri wa zaidi ya miaka 40,000. Kujua kipi ni cha kale kuliko kipi kunategemea tabaka za udongo ziwe zimetulia mahali pake. Zikishavurugwa, hata aje bingwa wa dunia hawezi tena kusema kipi kilitangulia kipi.

Yule mwezeshaji nilimpigia. Akaniambia ukurasa umepata watazamaji, sasa shida iko wapi? Bado nina hasira naye. Mtu anafundisha kutangaza vitu ambavyo hajawahi kuvilinda, anapokea ada, anaondoka. Shimo linabaki kwetu na kwa wale wazee.

Michoro ya Kondoa ni Urithi wa Dunia tangu 2006, na maeneo yake yanazidi 150. Mengi hayana mtu wa kuyaangalia. Anayetaka kuona mwelekeze Kolo, kwenye barabara ya Kondoa kwenda Babati, kuna ofisi ya mambo ya kale na waongozaji. Pini ikikuwasha sana, weka ya hiyo ofisi, basi.

Na usidhani ukiondoa ramani umemaliza. Picha ya simu hubeba lokesheni ndani ya faili lenyewe kama hujaizima kwenye mipangilio ya kamera. Ukiiweka Instagram, watazamaji hawaioni, huondolewa. Ukiipakia kwenye tovuti yako ikiwa nzima kama ilivyotoka kwenye simu, mara nyingi inabaki, na yeyote anaishusha na kusoma. WhatsApp nako ni hivyo: ukiituma kama dokumenti inakwenda na kila kitu chake. Zima kwanza kwenye kamera, kisha safisha za zamani moja moja.

Kwa wanyama ni vile vile. Yule kobe mwenye gamba bapa anayejibana kwenye nyufa za miamba amewindwa sana kwa ajili ya wafugaji wa nje, hadi mwaka 2019 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ikampandisha kwenye kundi linalopigwa marufuku biashara ya kimataifa. Wewe ukionyesha ufa anaolala, umemrahisishia mtu kazi.

Sasa hili la nyumba salama ndilo lililonikosesha usingizi. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 inaweza kumpeleka jela miaka 5 hadi 15 mwenye ulezi wa binti wa chini ya miaka 18 anayemkeketa au kumkeketesha. Maana yake binti aliyekimbia ni shahidi, na ndugu wanaoogopa kesi wanamtafuta. Wewe unataka kuwawekea pini! Andika kampeni yako, taja wilaya au mkoa, weka namba 116 ya kusaidia watoto, ishia hapo.

Tena zile picha za mfano ulizoweka kwenye swali lako: ya pili ina mabinti wamesimama, nyuma yao linaonekana tenki la maji na nusu ya kibao cha shule. Mtu wa eneo lile anapajua kwa kutazama mara moja. Ifute leo, na umwombe msimamizi wa jukwaa aondoe nakala iliyonukuliwa kule chini.