Mume wangu aliuawa vitani: eda, mirathi na shemeji anayetaka kunirithi

SWALI

Assalamu alaykum Sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, mvulana mmoja na wasichana wawili, naishi Ruashi hapa Lubumbashi. Mume wangu alikuwa mwanajeshi wa FARDC, jeshi la Kongo. Walimpeleka Kivu, na Januari 2025 simu yake ikakatika. Mwishoni mwa Juni mwenzake wa kikosi akafika nyumbani, akasema walikuwa pamoja kwenye barabara ya Sake, Jumapili, siku moja kabla ya Goma kuanguka mikononi mwa waasi wa M23, mume wangu akapigwa risasi akafia mikononi mwake. Alinikabidhi saa yake. Mwili hatukuuona. Je, ni shahidi, yaani aliyefia njia ya Mungu? Tumswalie? Eda naihesabu kuanzia lini? Kaka yake amechukua pikipiki na karatasi za parsele (kiwanja chetu), anasema kwa mila yao mjane hurithiwa pamoja na vitu. Mama mkwe yuko hai, baba mkwe alishafariki. Tena kuna mtu wa mtaani alimkopesha dola 200, sasa anadai 300, na kadi ya benki ya marehemu anayo yeye. Majirani wananiambia shahidi hadaiwi.

JIBU

Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwenyezi Mungu akupe subira, mama, na akulindie hao watoto.

Naanza na shemeji yako, ingawa wewe umemweka katikati ya barua. Hayo mengine, isipokuwa ile kadi ya benki, yanaweza kusubiri wiki moja au mbili. Karatasi za parsele zikikaa mno mkononi mwa mtu, hubadilika jina.

Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, aliuawa Sa'd bin Rabi', mtu wa Madina. Aliacha mke na mabinti wawili. Jabir bin Abdillah, sahaba wa Mtume, anasimulia kwamba mjane huyo aliwashika mabinti zake akaenda nao kwa Mtume (s.a.w.), akamwambia: hawa ni mabinti wa Sa'd, baba yao aliuawa akiwa pamoja nawe siku ya Uhud, na ami yao amechukua mali yao yote, hakuwaachia kitu, nao hawataolewa bila mali. Mtume akasema Mwenyezi Mungu atalitolea hukumu jambo hilo. Ikashuka aya ya mirathi. Akamwita yule ami, akamwambia awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumni (moja ya nane), na kinachobaki ni chake. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi.

Tazama mambo yalivyokwenda pale. Mjane alikwenda kudai akiwa bado na msiba wake, wala hakuna aliyemwambia aone haya, au asubiri machozi yakauke kwanza. Na ami hakufanya jambo geni kwa watu wake, kwani mila ya Waarabu ilikuwa hiyo: asiyebeba silaha harithi, kwa hiyo wanawake na watoto wakatolewa nje. Basi mtu akikuambia kwamba unagombana na mila za wazee, mjibu kwamba mila hiyo ilishahukumiwa Madina, na kesi ilikuwa ya mjane wa mpiganaji kama wewe.

Yule ami alibakiwa na kitu kwa sababu Sa'd hakuacha mtoto wa kiume. Mume wako ameacha. Kwa hiyo kaka yake hana fungu lolote, si pikipiki wala bati la paa. Wewe una thumni. Mama mkwe wako ana sudusi (moja ya sita). Kinachobaki ni cha watoto, mvulana mafungu mawili, kila msichana fungu moja. Ukitaka kuona kwa hesabu, gawa mali yote sehemu 96: wewe 12, mama mkwe 16, mvulana 34, kila msichana 17. Na hapa nakugeukia wewe pia. Nimeona wajane wanaolia kwa haki kabisa juu ya shemeji, huku wanamsahau mama mzee aliyemzaa marehemu. Fungu lake ni kubwa kuliko lako. Mpe.

Kabla ya kugawa, toa kwanza kilicho chako. Friji uliyonunua kwa biashara yako haiingii kwenye mirathi, na kama ulichangia kununua parsele, mchango wako ni wako kabla hesabu haijaanza.

Ama wewe mwenyewe kurithiwa, Sura ya Nisaa aya ya 19 imekataza kuwarithi wanawake kwa nguvu. Shemeji akitaka kukuoa, si haramu kwake, lakini aje apose kama mwanaume mwingine yeyote, na ukisema hapana ni hapana. Watoto hawahami kwa sababu umekataa.

Kuna suala la fedha za jeshi ambalo hukuuliza, lakini litakuja. Mishahara ambayo mume wako alikuwa ameshaifanyia kazi na haijalipwa ni mali yake, inaingia kwenye mirathi na kugawiwa kama nilivyosema. Lakini malipo ambayo serikali inayatoa kwa sababu ya kifo, yale ya wajane na mayatima, marehemu hakuwahi kuyamiliki. Hayo ni ya waliotajwa na sheria. Michango ya matanga nayo ni ya yule aliyepewa. Waliokuwekea mkononi mwako walikusudia wewe na watoto.

Ili kuyapata utahitaji karatasi. Kama ndoa yenu ilifungwa msikitini tu na haikuandikwa etasivili (ofisi ya serikali ya kuandikisha ndoa na vizazi) kwenye komine, watafute mashahidi wa nikahi wangali hai, na imamu akuandikie. Watoto wasio na cheti cha kuzaliwa huombewa hukumu ya mahakama ishike nafasi ya cheti. Huyo askari aliyekuletea saa usimwache arudi kazini bila kutoa ushahidi wake wa maandishi kuhusu kifo, yeye na mwenzake mwingine aliyekuwepo, kama yupo. Nenda pia Msalaba Mwekundu. Baada ya mapigano ya Goma maiti wengi walizikwa kwa pamoja, na hao ndio wanaosaidia familia kutafuta watu wao. Sheria ya Kongo ya familia, ile ya 1987 iliyorekebishwa 2016, nayo inawaweka watoto katika kundi la kwanza la warithi, ingawa mafungu yake si haya yetu. Kwa hiyo hata ukifika mbele ya hakimu wa serikali, shemeji hatakuwa na pa kusimama mbele ya watoto.

Eda ni miezi minne na siku kumi, nayo huhesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu siku ya habari. Hiyo ndiyo kauli ya madhehebu manne ya fiqhi ya Kisunni. Maneno ya askari huyu, kama ni mtu unayemwamini, yanakutosha kwa eda. Jumapili hiyo ilikuwa tarehe 26 Januari 2025, mwishoni mwa Rajabu, kwa hiyo eda yako ilimalizika siku chache kabla ya Idi ya kuchinja. Ulikuwa unauza sokoni na kuvaa rangi bila kujua uko edani. Huna dhambi, hulipi, huna kafara. Na ukitaka kuolewa leo, njia iko wazi.

Je, ni shahidi? Imamu Bukhari ameweka katika Sahihi yake mlango mzima wa kukataza kusema kwa uhakika kwamba fulani ni shahidi, kwa kuwa nia anaijua Mungu peke yake. Lakini Mtume amesema anayeuawa akitetea nafsi yake, watu wake au mali yake ni shahidi. Kama mume wako alisimama pale ili raia wasichinjwe, tunamtarajia makubwa. Kama alikwenda kwa ajili ya mshahara wa kulisha watoto, kulisha watoto nako ni ibada. Mswalieni. Hukumu ya kutoswaliwa ni ya shahidi wa vita dhidi ya makafiri, na hii haikuwa vita ya namna hiyo. Kwa madhehebu ya Shafi'i, swala ya ghaibu, yaani kumswalia maiti asiyekuwepo, inajuzu, kama Mtume alivyomswalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, aliyefia mbali. Ndugu zetu Wamaliki hawaioni hivyo. Msigombane nao msikitini kwa jambo hili.

Wakwe zako wakija kwako kwa matanga wakitaka kulishwa bukari (ugali) na samaki wiki nzima, wakumbushe nyumba ya Ja'far bin Abi Talib, binamu yake Mtume, aliyeuawa katika vita vya Mu'ta mwaka wa 8 wa Hijra. Mkewe, Asmaa bint Umays, alikuwa ameshakanda unga wake, ameshaogesha watoto na kuwapaka mafuta, Mtume akaingia, akawaita watoto, akawanusa, macho yakamtoka machozi. Kisha akaagiza watu wa Ja'far wapikiwe, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Baada ya siku tatu akarudi, akamwita kinyozi awanyoe wale wavulana. Asmaa alipotaja uyatima wao, akamwuliza anawahofia ufukara vipi, naye Mtume ndiye walii (msimamizi) wao duniani na akhera. Huyo ndiye mfano wa shemeji na wa msikiti. Asmaa baadaye aliolewa na Abu Bakr, na hakuna aliyesema amemsaliti Ja'far.

Deni. Majirani zako wamegeuza hadithi. Katika Sahihi ya Muslim imekuja kwamba shahidi husamehewa kila dhambi isipokuwa deni. Babake Jabir aliuawa Uhud, na mwanawe akabaki kulipa madeni yake kwa tende za shamba. Basi dola 200 zitoke kwenye mali ya marehemu kabla mtu hajapewa fungu lake. Zile 100 za juu ni riba. Baqara aya ya 279 inampa mkopeshaji rasilimali yake tu, yaani kiasi alichokopesha. Na kadi ya benki iulizie leo hii. Waombe benki waifunge na wakupe karatasi ya miamala tangu Januari, kwa sababu kila mshahara alioutoa mtu huyo baada ya kifo unakatwa kwenye hizo 200, na ukizidi, yeye ndiye anayedaiwa na watoto wako. Siku ya kumlipa kilichobaki, nenda na mashahidi wawili, aandike kwamba amepokea na hadai tena.

Wallahu a'lam.