Vigawo na namba tasa: jua pa kusimamia

Ukitafuta vigawo vya 84, yaani namba zinazoigawanya bila kubakiza, usiviandike kimoja kimoja kwa mstari. Viandike kwa jozi: 1 na 84, 2 na 42, 3 na 28, 4 na 21, 6 na 14, 7 na 12. Namba 5, 8 na 9 zinabakiza, ziache. Ukifika 10, simama. 10 × 10 ni 100, imeshaipita 84, kwa hiyo kigawo chochote cha kuanzia 10 kwenda juu lazima mwenzake awe chini ya 10, na huyo umeshampata. Wanaosahau 28 au 21 kwenye mtihani ni wale wanaopanda ngazi bila kuandika jozi.

Kisha hakiki. 84 = 2² × 3 × 7. Vipeo, yaani namba ndogo za juu (isipoandikwa ni 1), ni 2, 1 na 1; ongeza 1 kwa kila kimoja, halafu zidisha: 3 × 2 × 2 = 12. Jozi sita, vigawo 12, hesabu imekubali. Kwa 36, jozi ya mwisho ni 6 na 6, na 6 huandikwa mara moja tu. Ndiyo maana 36 ina vigawo 9.

Kutambua namba tasa, yaani yenye vigawo viwili tu, 1 na yenyewe, kunatumia kituo kilekile, ila hapa unagawanya kwa namba tasa peke yake. Chukua 211. 15 × 15 ni 225, kwa hiyo zinatosha 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Ni witiri, haiishii na 0 wala 5, jumla ya tarakimu zake ni 4, basi 2, 3 na 5 zimetoka. 7 inabakiza 1, 11 inabakiza 2, 13 inabakiza 3. 211 ni tasa. Kujaribu 4, 6 au 9 ni kupoteza muda: kama 2 na 3 zimeshindwa, hizo haziwezi kufaulu.

Sasa jaribu 221. Inafanana na 211, na wengi huishia 11 wakatangaza kuwa ni tasa. Lakini 13 × 17 = 221. Jaribio la mwisho ndilo linaloruka kirahisi, kwa sababu kuzidisha 13 kunachosha. Mitego mingine ya kukariri: 91 ni 7 × 13, 119 ni 7 × 17, 143 ni 11 × 13. 51, 57 na 87 zisikusumbue kabisa. Jumlisha tarakimu tu, zote zinagawanyika kwa 3.

Na 1 si tasa. Namba tasa ina vigawo viwili kamili, 1 ina kimoja. Ingekubaliwa, 84 ingeweza kuandikwa 1 × 2² × 3 × 7, au 1 × 1 × 2² × 3 × 7, bila kikomo, na kila namba ingepoteza mchanganuo wake mmoja wa namba tasa, ule tunaoutegemea tunapotafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika).