Ukiletewa mtu wa kifungo cha nje, linda saa zake

Mahakama ikimpa mtu kifungo cha nje, yaani afanye kazi ya umma kwa saa alizopangiwa badala ya kukaa jela, kumwangalia kila siku kunatuangukia sisi watu wa shule, zahanati na ofisi za chifu. Afisa wa probesheni hupita kukagua, lakini hawezi kushinda nawe. Nimewasimamia watu hawa miaka kadhaa katika shule ya msingi upande wa Likoni, Mombasa, na la kwanza ninalomwambia msimamizi mpya ni daftari.

Andika saa aliyofika na saa aliyoondoka siku hiyo hiyo, mbele yake, naye atie sahihi. Saa zile ndizo hukumu yenyewe. Ukimjazia kwa huruma umemdanganya hakimu. Ukimkata kwa hasira umemfunga upya bila mahakama. Aliyecheleweshwa na feri muandikie saa aliyofika kweli, kisha afidie mwisho wa kazi. Wapo watakaokuja na mia mbili mkononi wakitaka uwajazie siku ambazo hawakufika. Kataa waziwazi tangu mwanzo, maana ukipokea mara moja hutaweza tena kumwambia mtu ashike fyekeo.

Linaloniuma zaidi ni kuwageuza watumishi. Nimeona mtu akitumwa kufua nguo za mkubwa wa ofisi, mwingine akipakishwa rangi nyumba ya mtu. Sheria ya Kenya ya mwaka 1998 kuhusu kifungo hiki inataja kazi ya umma isiyo na malipo: barabara, upandaji miti, kuhifadhi maji, shule, hospitali. Kumfanyisha kazi za uani kwako ni dhuluma, tena dhuluma isiyo na sauti, kwa sababu huyo hatalalamika. Anajua kalamu unayo wewe, na gereza la Shimo la Tewa si mbali.

Wengi ni watu wa kibarua: wachuuzi, makuli, madereva wa tuktuk. Nyumbani wanasubiriwa walete unga wa jioni. Basi kaa na afisa wa probesheni mpange aanze asubuhi mapema, mchana akatafute riziki. Ijumaa awahi msikitini. Ramadhani usimpe jembe jua la saa sita.

Kosa lake usilitangaze. Walimu wakikuuliza, waambie amekuja kufanya kazi, basi.

Asipofika, mpigie simu siku ile ile, kisha mjulishe afisa. Kumfichia wiki nzima si kumsaidia. Habari ikifika mapema, afisa humfuata mtaani akajua kama anaumwa au kibarua kimembana, na mpango ukarekebishwa. Ikifika muda umekwisha na saa bado nyingi, faili hurudi kwa hakimu, naye ana uwezo wa kuifuta amri ile na kumpa adhabu nyingine.