Muulize Mwalimu: Aliyeanzisha na aliyejiunga hawana sababu moja

Mwalimu alifundisha historia katika shule za sekondari za Magharibi mwa Kenya hadi alipostaafu. Sasa anaishi Mumias, na hapa anajibu barua za wasomaji.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwendeshaji bodaboda hapa Kondele, Kisumu. Juzi katika bunge la mwananchi, yaani kijiwe chetu cha mijadala, tulibishana mpaka tukakosana. Mmoja alishikilia kwamba al-Qaeda na al-Shabaab ni watoto wa Marekani, waliundwa kule Afghanistan, na mengine yote ni sinema. Mwingine, ambaye ni mhubiri, akasema shida ni Kurani yenyewe, na Waislamu wote wanajua ila wananyamaza. Mimi ni Mkristo, lakini nimeoa Mwislamu wa huko kwenu Mumias, na maneno hayo yaliniuma. Nani alikuwa na haki? – Shemeji, Kondele*

Marahaba, shemeji. Kwa kuwa umeoa kwetu, jibu lako litakuwa refu kuliko ya wenzako.

Nianze na huyo wa Marekani. Ana nusu ya hadithi. Wasovieti waliingia Afghanistan Desemba 1979, wakatoka Februari 1989. Miaka yote hiyo Marekani ilimwaga fedha na silaha, nyingi zikipitia mikononi mwa majasusi wa Pakistan, na Saudi Arabia ikaongeza zake. Lakini msaada huo ulikwenda kwa makundi ya Waafghani wenyewe. Waarabu waliofunga safari kwenda kupigana huko, Osama bin Laden akiwemo, walikuwa na fedha zao na za matajiri wa Ghuba, na al-Qaeda waliiunda wenyewe mwaka 1988, vita vikielekea ukingoni. Marekani ilichochea moto mkubwa pale, na lawama hiyo ni yake. Ila ukisema iliwaunda, umewafanya hao wengine kuwa vikaragosi wasio na akili, na haikuwa hivyo. Bin Laden alitoa hoja zake hadharani mwaka 1996, kisha tena Februari 1998. Kilichomkera zaidi ni askari wa Marekani waliopiga kambi Saudi Arabia tangu Iraq ilipovamia Kuwait mwaka 1990. Tarehe 7 Agosti mwaka huohuo wa 1998, bomu la al-Qaeda likalipuka kwenye ubalozi wa Marekani, katikati ya Nairobi. Waliokufa ni 213. Wamarekani kati yao walikuwa 12. Wengine waliokufa walikuwa makarani, wachuuzi, abiria waliokuwa kwenye basi, na wanafunzi wa uhazili waliokuwa darasani katika jengo la Ufundi lililoporomoka.

Kumbuka tarehe hiyo, shemeji, maana kuna watu katika bunge lenu watakaokwambia tunapigwa kwa sababu tu jeshi letu liko Somalia. Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011. Mwaka 1998 hatukuwa na askari hata mmoja huko, wala mwaka 2002 hoteli ya Kikambala ilipolipuliwa.

Sasa mhubiri. Kurani imesomwa Mumias tangu misafara ya Waswahili ilipokuwa ikipumzika kwa Nabongo, mfalme wa Wawanga, ikielekea Uganda, katika karne ya 19. Kama kitabu chenyewe ndicho kinacholipuka, Mumias ingekuwa majivu zamani. Hata hivyo sitamtoa darasani, kwa sababu wapo Waislamu wenzangu wanaojibu haraka kwamba mambo haya "hayahusiani kabisa na dini", na hapo tunajidanganya. Watu hawa wana masheikh wao, wana aya zao, na wengine wanafia wanachokiamini. Wanachokifanya tofauti na sisi ni kumtoa Mwislamu mwenzao katika Uislamu ili damu yake iwe halali. Ni mchezo wa kale. Khalifa Ali aliuawa katika mji wa Kufa, Iraq, mwaka 661 na mtu wa Khawarij, kundi lililowaita Waislamu wengine makafiri, na hao walisifika kwa sala na kufunga.

Kuhusu kunyamaza, mwulize mhubiri kama amesikia habari za mwalimu Salah Farah. Desemba 2015, karibu na El Wak, al-Shabaab walisimamisha basi la kwenda Mandera na kuwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Salah Farah alipigwa risasi, akafa hospitalini mwezi uliofuata. Mwongezee na hili: Oktoba 2017 lori la mabomu lililipuka Mogadishu na kuua watu zaidi ya 500. Karibu wote waliouawa ni Waislamu. Kabla ya hapo, Desemba 2009, mtu aliyejifunga bomu alijilipua hotelini Mogadishu katika mahafali ya wanafunzi wa udaktari. Katika nchi isiyo na madaktari! Nimefundisha habari za vita vingi, na bado hilo linanishinda.

Jibu lenyewe liko Somalia, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Siad Barre aliangushwa Januari 1991 na nchi ikawa ya wababe wa vita, kila mmoja na kizuizi chake barabarani. Wafanyabiashara wa Mogadishu walichoka kulipa kila kona, wakaanza kuzigharamia mahakama za Kiislamu za mitaani, zenye askari wao wa kukamata wezi. Mahakama hizo ziliungana, na Juni 2006 zikawafukuza wababe hao mjini, ingawa baadhi yao walikuwa wakilipwa na majasusi wa Marekani. Vizuizi vikaondolewa, bandari na uwanja wa ndege vikafunguliwa. Ndani ya muungano huo mlikuwa na masheikh wapole na masheikh wakali, na mlikuwa na kikosi cha vijana. Miongoni mwa viongozi wa vijana hao alikuwa Aden Hashi Ayro, aliyekuwa amepitia Afghanistan. Desemba 2006 Ethiopia ikaingia na jeshi lake, Marekani ikiiunga mkono, na muungano ukasambaratika kwa siku chache. Wapole wakakimbilia Asmara. Waliobaki kupigana ni wale vijana, na ndio al-Shabaab, yaani "Vijana" kwa Kiarabu. Kwa miaka miwili majeshi ya Ethiopia yaliwafanyia kazi ya kuandikisha wafuasi kuliko hotuba yoyote, hata vijana wa Kisomali waliolelewa Minneapolis wakapanda ndege kuja kupigana.

Ukifika hapo, mpinzani wako anayeilaumu Marekani atashangilia. Mwambie angoje mwaka 2009. Januari mwaka huo Ethiopia iliondoa majeshi yake. Mwezi huohuo Sharif Sheikh Ahmed, aliyekuwa mkuu wa zile mahakama, akachaguliwa rais. Aprili bunge likapitisha sharia kuwa sheria ya nchi. Basi hesabu mwenyewe: Ethiopia imeondoka, sheikh ndiye rais, na sharia imekubaliwa. Kama vita vilikuwa vya kuifukuza Ethiopia, vingekwisha. Kama vilikuwa vya sharia, vingekwisha. Al-Shabaab walimwita Sharif murtadi, yaani aliyeuacha Uislamu, na kuzidisha mapigano. Februari 2012 wakatangazwa kuwa sehemu ya al-Qaeda. Mwaka 2013 kiongozi wao, Ahmed Abdi Godane, akawageukia wenzake: Ibrahim al-Afghani, mmoja wa waanzilishi, akauawa, na mzee Hassan Dahir Aweys, mmoja wa masheikh wakali wa zile mahakama, akakimbia kuokoa roho yake.

Na hapo ndipo ninapolijibu swali lako. Wakubwa wanataka kutawala, na kutawala peke yao, kwa dini ile tu wanayoifasiri wao. Wana mapato pia: serikali ya Marekani imekadiria kwamba al-Shabaab hukusanya takriban dola milioni 100 kwa mwaka, kwa kutoza malori, wafugaji, wenye maduka, hata mizigo inayoingia bandarini. Wakulima walio chini yao hulipa zaka wapende wasipende. Kijana anayebeba bunduki ni habari nyingine. Huyo anaweza kuwa amefiwa na ndugu, ameahidiwa mshahara, amevutwa na rafiki, au amekamatwa kijijini kwao kwa nguvu. Mnapobishana hapo Kisumu, mmoja anazungumzia wakubwa na mwingine anazungumzia vijana, na kila mmoja anadhani mwenzake ni mjinga.

Na mhubiri akirudia wimbo wake, mkumbushe jirani yetu Joseph Kony, aliyeteka watoto wa kaskazini mwa Uganda akidai kusimamisha Amri Kumi. Hakuna Mwislamu wa Kondele aliyekwenda kanisani kwake kumtaka ajieleze kuhusu Kony.

Msalimie mkeo.

*Mwalimu, ninauza mitumba hapa Nakuru na ninaishi Bondeni. Kifunguamimba wangu alimaliza kidato cha nne, hana kazi. Zamani hata msikitini nilikuwa ninamsukuma. Tangu rafiki yake akamatwe na polisi na kurudi amepigwa vibaya, kijana wangu hacheki. Usiku kucha yuko kwenye simu akimsikiliza mtu anayehubiri kwa ukali, na sasa ananiambia imamu wetu ni kibaraka wa serikali. Nifanye nini? Nikiripoti si watamchukua nisimwone tena? – Mama wa Bondeni*

Mama, kwanza tutenganishe mambo. Kijana kuanza kusali, kufuga ndevu au kukataa muziki si dalili ya ugaidi. Watoto wetu wangapi wamesumbuliwa na maafisa kwa sababu ya kanzu tu. Kinachonitia wasiwasi katika barua yako ni maneno matatu: hacheki, usiku, kibaraka. Mtu huyo wa kwenye simu anamtenga na kila mtu anayeweza kumjibu, na ameanza na imamu. Atakayefuata ni wewe.

Usidhani ni umaskini peke yake. Mmoja wa waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, ambako watu 148 waliuawa, alikuwa na shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake alikuwa chifu. Mwaka 2017 shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo, UNDP, lilichapisha utafiti uliowahoji watu waliokuwa wamejiunga na makundi haya barani Afrika. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma hatimaye ni kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa jamaa au rafiki. Soma tena ulichoniandikia kuhusu rafiki wa mwanao. Asilimia 57 walikiri kwamba maandiko ya dini wanayajua kidogo tu au hawayajui kabisa. Na waliosoma dini kwa miaka sita au zaidi walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kujiunga. Kwa hiyo wale wanaokushauri umkataze dini wanakupoteza.

Usimvunjie simu, atapata nyingine na utakuwa umempa mhubiri wake ushahidi. Usishindane naye kwa aya, maana amekaririshwa majibu. Anza na lile lililomuumiza. Mwambie rafiki yake alidhulumiwa, useme hivyo waziwazi, kisha mwende pamoja na familia ya rafiki huyo mkaandikishe malalamiko kwa IPOA, mamlaka inayosimamia polisi. Malalamiko yatachelewa, najua nchi yangu. Lakini kijana atakuwa ameona watu wazima wakikasirika pamoja naye na kushika kalamu. Yule wa kwenye simu amemwambia hakuna Mwislamu anayejali ila yeye.

Kisha mtafutie mwanachuoni ambaye si mwajiriwa wa mtu, aliyesoma kweli, wa umri anaoweza kumzoea. Si lazima awe imamu wenu. Amuulize maswali, asimhutubie. Na kazi, mama, hata ya kukusaidia sokoni saa za asubuhi, ili usiku alale.

Kuhusu kuripoti, hofu yako si ya kipumbavu. Watu wamechukuliwa wasionekane tena, na Aprili 2014 maelfu walizolewa mitaani na wengi wakafungiwa katika uwanja wa Kasarani. Lakini akianza kutaja safari, kazi ya ghafla ya mbali, nauli iliyotoka kwa mtu usiyemjua, au akikuomba msamaha kama anayeaga, usingoje. Nenda kituoni na wakili, mzee wa msikiti na ndugu wa baba yake, msiende wawili, na msitoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Ukienda na watu, hata yule afisa anajua mmemwona.

Niandikie tena.

*Mwalimu, nilisikia redioni kwamba al-Shabaab wako Msumbiji na wanazungumza Kiswahili. Ni haohao wa Somalia? – Mfanyabiashara wa mpakani, Busia*

Sio. Wakazi wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, waliwapa jina hilo tu, baada ya mashambulizi ya kwanza mjini Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Huko Kimwani na Kiswahili husikika kweli, na Watanzania wamekuwa miongoni mwao. Ni mkoa wenye gesi baharini na rubi ardhini, na vijana wake wengi hawakuonja hata kimoja. Machi 2021 walishambulia mji wa Palma, mradi mkubwa wa gesi wa Wafaransa ukasimama, na Julai askari wa Rwanda wakaingia.

Wa Somalia wako chini ya al-Qaeda. Hao wa Msumbiji waliapa kuitii Islamic State, kundi jingine linaloshindana na al-Qaeda. Na usifikiri wanapendana. Mwaka 2015 kundi dogo lilipojitenga na al-Shabaab kule milima ya Puntland, kaskazini mashariki mwa Somalia, na kujiunga na Islamic State, al-Shabaab waliwasaka na kuwaua, kila upande ukimwita mwenzake mpotovu.